SHA kwenye kaunta ya hospitali: unacholipia na unachopewa

Ukiiondolea siasa, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Ina bei, ina masharti, ina vitu inavyolipia na vitu isivyogusa, na ina mahali inapokwama. Wakenya wamebishana juu yake tangu Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipotiwa sahihi Oktoba 2023. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya zamani ya serikali, ikazimwa, SHA ikawashwa. Ubishi wa kama serikali inafaa kuendesha bima bado uko palepale. Lakini mwenye mgonjwa hana nafasi ya kubishana. Anataka kujua, akitoa kitambulisho pale kaunta, kitamlipia nini.

Maoni yetu kwa ufupi: orodha ya huduma za SHA ni bora kuliko ya NHIF, na kwa mtu mwenye mshahara wa chini bei yake pia ni nafuu. Kwa mtu wa jua kali, namna ya kulipa imepangwa vibaya. Na kwa wote, thamani ya bima hii inategemea jambo ambalo mwanachama haoni wala hadhibiti, nalo ni kama hospitali yake imeshalipwa madai ya miezi iliyopita.

Tuanze na mkanganyiko unaowaponza wengi. SHA ni mamlaka, na pesa ziko katika mifuko mitatu chini yake. Mfuko wa Afya ya Msingi unatokana na kodi na unahudumia zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. SHIF, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ndiyo inayopokea michango ya wanachama na kulipia kulazwa, upasuaji, kujifungua na kusafishwa damu. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na kwa magonjwa kama saratani unaingia pale SHIF inapofika kikomo.

Ukiwa na malaria ukaenda zahanati yenye mkataba na SHA, utapimwa na kupewa dawa bila kulipa, hata kama hujachanga, mradi umejisajili. Malaria hiyohiyo ukiipeleka hospitali ya ngazi ya 4 utibiwe na kurudi nyumbani, tarajia kutoa pesa mfukoni. Watu wengi hukasirika hapa. Wamezoea kwenda moja kwa moja hospitali ya kaunti kwa sababu ndiko daktari aliko, na mfumo umepangwa uwarudishe zahanati kwanza. Kimantiki ni sawa. Kinachobaki ni kama zahanati ina dawa. Viwango vilipotangazwa, huduma hii ya msingi ilitengewa shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12 upate 75. Usishangae ukiambiwa kipimo kipo, dawa kanunue duka la nje.

Bei kwa mwenye mshahara

Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hakuna kikomo cha juu. NHIF ilikuwa na ngazi zake, kuanzia 150 hadi 1,700, na aliyefika 1,700 hakukatwa zaidi ya hapo hata alipwe milioni.

Anayelipwa 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Karibu na 35,000 hesabu zinakutana, na kutoka hapo kupanda SHA ni ghali zaidi: wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375, wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750, na wa 200,000 anakatwa 5,500. Ila tangu 27 Desemba 2024 mchango huu unaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Kwa wa 100,000, aliye kwenye kodi ya asilimia 30, hiyo ni nafuu ya shilingi 825, kwa hiyo maumivu halisi ni 1,925. Angalia karatasi yako ya mshahara. Kama SHIF bado inakaa chini ya mstari wa kodi badala ya juu yake, mhasibu wenu anakukosea.

Mwajiri hachangii chake hata senti. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Ng'ambo ya Namanga, NHIF ya Tanzania inachukua asilimia 6, nusu ikitoka kwa mwajiri. Kenya mzigo wote ni wa mfanyakazi, na hili lingestahili kelele zaidi kuliko zinazopigwa.

Pesa zinatakiwa zifike SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwajiri akichelewa anatozwa faini, ila faini hiyo haimsaidii mgonjwa. Karani atakapoingiza namba yako, mtambo utaonyesha kwamba hujalipa, hata kama karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa. Karatasi hiyo haikubaliwi kama ushahidi kaunta. Piga *147# kila baada ya tarehe 9, uone hali yako ingali unatembea kwa miguu yako. Ukikuta pengo, nenda kwa mwajiri siku hiyohiyo, kwa sababu mwajiri ndiye pekee anayeweza kuliziba.

Bei kwa mtu wa jua kali

Mama mboga, mwendesha boda, mvuvi wa Lamu na mkulima wa mahindi Trans Nzoia hawana karatasi ya mshahara, kwa hiyo SHA inakisia. Baada ya kujisajili kwa *147#, kwenye tovuti ya Afya Yangu au kupitia mhudumu wa afya ya jamii, unajibu maswali. Nyumba imeezekwa kwa nini? Ukuta ni wa nini? Sakafu? Maji mnachota wapi? Choo ni cha aina gani? Mnapikia kuni, makaa au gesi? Mna ng'ombe, mbuzi, kuku? Mko wangapi? Kutokana na majibu hayo mtambo unakadiria mapato ya kaya, unapiga asilimia 2.75 na kutoa kiasi cha mwaka.

Shida ni kwamba maswali haya yanaiona nyumba, hayaoni mfuko. Mjane anayekaa kwenye nyumba ya mawe aliyojenga marehemu mumewe, hana mapato yoyote zaidi ya anachotumiwa na wanawe, anahesabiwa ana uwezo. Mfanyabiashara wa miraa anayelala kwenye chumba cha mabati mtaani ili pesa ziende kwenye gari anahesabiwa maskini. Nairobi, mpangaji wa chumba kimoja ana maji ya mfereji, choo cha kuvuta na meko ya gesi, kwa sababu jengo lote liko hivyo. Kijijini mtu mwenye ekari kumi anaweza kuwa anapikia kuni.

Kwa hiyo jibu maswali mwenyewe. Usimwachie kijana wa saiba wala mhudumu anayekimbilia kumaliza mtaa kabla ya jua kutua. Tulichoona kikiharibu hesabu mara nyingi ni vitu vitatu. Kwanza, vitu vya mwenye nyumba kuandikwa kama vyako. Pili, idadi ya watu kupunguzwa kwa sababu watoto hawajaongezwa. Tatu, mke na mume kujisajili kila mmoja kama kaya yake, kisha kila mmoja akadaiwa. Mume na mke ni kaya moja: mmoja awe mchangiaji, mwingine awe tegemezi wake, pamoja na watoto. Mtoto aliyevuka miaka 18 lakini bado yuko chuoni bila kipato anaweza kubaki chini ya wazazi hadi 25.

Sasa kasoro kubwa kuliko zote. Kiasi hicho kinatakiwa kwa mkupuo, mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, ni 3,600. Aliyekadiriwa 500 kwa mwezi anatakiwa 6,000 mara moja. Mtu anayepata pesa kwa siku, anayenunua unga wa kilo moja badala ya mfuko kwa sababu leo ana za kilo moja, unamwambia aweke 6,000 kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usije. NHIF, pamoja na wizi wake wote, ilimtoza 500 kwa mwezi na akaweza. Aliyepanga malipo ya mwaka alikuwa na hoja: watu walikuwa wanalipa miezi ya ugonjwa kisha wanapotea. Lakini dawa yake imewafungia nje wengi zaidi. Ndiyo maana waliojisajili walizidi milioni 20 mwaka 2025, wakati waliolipa kutoka sekta isiyo rasmi walibaki sehemu ndogo mno ya idadi hiyo. Ujumbe wa "umesajiliwa" kwenye simu umewadanganya wengi. Kujisajili ni hatua ya kwanza, tathmini ni ya pili, na hujawa na bima mpaka umalize ya tatu, kulipa.

Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole. Jina linakufanya udhani unalipa kwa awamu. Ni mkopo: unalipiwa mwaka mzima, unapata bima yako, nawe unabaki kulipa deni kidogo kidogo. Kwa boda anayeweza kutoa kidogo kila siku, inafaa. Kwa mkulima anayesubiri mavuno, deni la kila siku halimfai. Heri aweke pesa za SHA siku anapouza mahindi. Oktoba 2025 Rais Ruto alizindua mpango wa kuwalipia zaidi ya watu milioni 2 wasio na uwezo kabisa. Kama kuna mzee au mlemavu kwenye kaya yako asiye na kitu, muulize mhudumu wa afya ya jamii kama jina lake liko kwenye orodha hiyo kabla hujamlipia.

Unachopewa ukilazwa

SHA haikuulizi umri wala ugonjwa ulio nao. Huu ndio ubora wake mkubwa, na hakuna bima ya kibinafsi inayoukaribia. Mwenye miaka 64 na kisukari atafukuzwa na nusu ya kampuni za bima za Nairobi, na nusu nyingine itamtajia bei ya kumfukuza. Hapa analipa sawa na kijana.

Mgonjwa wa figo ndiye aliyefaidika waziwazi. NHIF ililipa 9,500 kwa kila safari ya kusafishwa damu, SHA inalipa 10,650. Kitanda cha mahututi kinalipiwa 28,000 kwa siku. Zamani familia ziliuza mashamba kwa sababu ya wiki moja humo. Saratani ilianza na kikomo cha 400,000 kwa kaya kutoka SHIF, kisha 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Hiyo haikuwa pesa ndogo, lakini ilikuwa ya kaya nzima kwa mwaka, na tiba ya mionzi pamoja na dawa za kisasa ziliweza kuimaliza kabla ya Desemba. Uliza salio lako kabla ya kila awamu ya matibabu. Ukisubiri hospitali ikuambie limeisha, utaambiwa asubuhi ya matibabu.

Kulazwa kwa kawaida ndiko kunakoleta vita. SHA inalipa kiasi cha siku kulingana na ngazi, na kwa hospitali ya ngazi ya 4 ni shilingi 3,360. Humo mna kitanda, chakula, muuguzi, daktari, vipimo na dawa. Hospitali ya serikali inatakiwa kuridhika na hicho. Ya kibinafsi mara nyingi hairidhiki. Chukua mfano: siku tano wodini, SHA inatoa 16,800. Bili ikiwa 41,000, kuna 24,200 inayokutazama. Karani atakwambia "SHA imelipa," na ni kweli imelipa. Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya kulazwa si "mnachukua SHA?" Uliza: "Kwa ugonjwa huu, nitaongeza ngapi juu ya SHA?" Dai jibu kwa maandishi, hata kwenye kipande cha karatasi. Hospitali nyingi za misheni hujibu bila kigugumizi. Inayokwepa swali hilo imeshakupa jibu.

Upasuaji na vipimo vikubwa vinahitaji idhini ya awali kutoka SHA. Ombi linatumwa na hospitali kwenye mtambo, na linakwama kwa sababu za kipuuzi: jina la kitambulisho halilingani na la faili, ngazi ya hospitali haina ruhusa ya upasuaji huo, daktari aliyeomba hayuko kwenye orodha, au mtandao umelala tangu asubuhi. Kama si dharura, usiingie wodini kabla idhini haijatoka. Kila siku unayoisubiri ukiwa kitandani ina bili yake.

Kujifungua ni 10,000 kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hapa kuna hasara moja ambayo matangazo ya serikali hayaitaji. Chini ya Linda Mama, mwanamke asiye na bima alijifungua bure kwenye kituo cha serikali. Linda Jamii iliyochukua nafasi yake iko ndani ya SHIF, kwa hiyo anayetaka kujifungua kwa SHA lazima mchango wa mwaka uwe umelipwa, hata akienda zahanati ya kijijini ambako malaria hutibiwa bure. Mimba ikifika miezi sita, malizeni tathmini na mlipe. Usiku wa uchungu si wakati wa kukumbushana neno la siri la M-Pesa. Mtoto akizaliwa, muongezeni kwenye kaya mapema, maana akiugua mwezi wa pili bila kuwepo kwenye orodha, ni mgeni kwa SHA.

Kwa nini kadi hukataliwa

Kuna asubuhi unafika hospitali, mtambo unaonyesha umelipa, na bado unaambiwa utoe pesa taslimu. Chanzo kiko kwenye daftari la madeni. NHIF ilizikwa ikiwa inadaiwa na hospitali zaidi ya shilingi bilioni 30. SHA ikaanza kabla hayo hayajalipwa, na madai mapya yakajipanga juu ya ya zamani. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kiliwaambia wanachama wake waache kuwahudumia wenye SHA bila pesa taslimu. Mwezi uliofuata Rais alisema wanaodai NHIF chini ya milioni 10 watalipwa, na wanaodai zaidi wakaguliwe kwanza.

Hospitali ndogo ya mji kama Bomet au Malindi haina akiba ya kuvumilia miezi mitatu bila malipo. Inanunua dawa kwa pesa taslimu na kulipa wauguzi mwisho wa mwezi. SHA ikichelewa, yenyewe haifilisiki. Inaahirisha tu, na anayebanwa mwisho ni mgonjwa. Wanaosema serikali isiendeshe bima huanzia hapa, na wana ushahidi. Wanaosema iendeshe wanauliza ni kampuni gani itamchukua yule mzee wa kisukari, nao hawajajibiwa. Sisi tunaegemea kwa hawa wa pili, kwa sharti moja la kuchosha la kihasibu: hospitali zilipwe kwa tarehe inayojulikana, na SHA itozwe riba ikichelewa, kama mwajiri anavyotozwa faini akichelewesha makato.

Kuhusu mtambo wenyewe, ambao ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwaka 2025 ilisema serikali haiumiliki ingawa unagharimu zaidi ya bilioni 104, tutasema tu kwamba unazima, na ukizima hakuna mpango wa karatasi unaoeleweka.

Kidole

Mwanzoni ulithibitisha kuwa mgonjwa ni wewe kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Ilileta fujo: simu iko kwa mume Mombasa, mgonjwa yuko Voi. Pia ilileta wizi, kwa kuwa mtu aliweza kuomba namba hiyo kwa simu na kutengeneza mgonjwa hewa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, chini ya Waziri Aden Duale, ilizifungia hospitali kadhaa kwa kulaza watu waliotibiwa na kwenda nyumbani, na kwa kugeuza uzazi wa kawaida kuwa upasuaji. Rudi kwenye bei uone kishawishi kilipo: kati ya 10,000 na 30,000 kuna neno moja tu kwenye fomu.

Sasa alama za vidole zinachukua nafasi ya namba. Ni bora, ila vidole vya mchonga mawe, vya mvunaji wa majani chai Kericho na vya bibi wa miaka 80 vimesagika, na mashine haivisomi. Osha mikono, ikauke kabisa, jaribu vidole vingine, kidole gumba cha mkono usiofanyia kazi sana kikiwa cha kwanza. Ukijua vyako ni vya namna hiyo, nenda kavijaribu siku ukiwa mzima, si usiku wa dharura.

Na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, unapoombwa uweke kidole tena, kumbuka kidole hicho ndicho sahihi yako kwenye dai. Mwambie karani ageuze kioo au akusomee: umelazwa siku ngapi, umefanyiwa nini, SHA inadaiwa kiasi gani, wewe unaongeza kiasi gani. Ukisikia siku nne na ulilala mbili, usiweke.